Tuko wangapi?

Usiku wa siku tuliyomzika Babu, Shangazi alisimama mbele ya sufuria la wali, upawa mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Akauliza kama alivyouliza maisha yake yote katika ua ule.

"Tuko wangapi?"

Hakuna aliyejibu.

Tulikuwa tumekaa pale pale, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye viti vya plastiki vya kukodi, chini ya turubai ambalo upepo wa Singida ulikuwa unalipiga tangu mchana. Tulisikia sote. Ila swali lile lilikuwa na mtu wake. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, Shangazi akiuliza, Babu alijibu kutoka kwenye kiti chake chini ya mwarobaini, bila kuinuka, bila kunyoosha kidole: "Kumi na nne, na mimi." Siku za Krismasi: "Thelathini na wawili, na mimi." Sikumbuki akikosea. Mtoto aliyenuna akajificha nyuma ya ghala alikuwemo ndani ya hesabu. Mgeni aliyekwenda kunawa alikuwemo.

Shangazi akasubiri. Kisha akalaza upawa juu ya mfuniko, akaingia ndani, na tukasikia mlango wa chumba cha Babu ukifungwa taratibu.

Chakula kiligawiwa na jirani. Watu wawili walilala bila kula. Tulikuja kujua asubuhi.

Ni jambo dogo, najua. Msibani mambo madogo hupotea mengi, na hakuna anayeshika hesabu. Lakini hilo la watu wawili kulala njaa katika nyumba ya Babu, usiku ule ule alioondoka, limenikaa kifuani tangu Mei na halijatoka.

## Wasifu

Mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu. Katika familia yetu kazi za kuandika huletwa kwangu, kwa kuwa ndizo zinazonilisha mjini. Niliuandika kwenye simu, ndani ya basi kutoka Dodoma, macho yakiniwasha kwa kulia. Kuzaliwa 1953. Shule. Ndoa. Watoto sita. Shamba la alizeti. Usharika. Ugonjwa. Na katikati nikaweka maneno niliyoyaona ndiyo kilele chenyewe:

"Mwaka 1978 aliitikia wito wa taifa akiwa mgambo, akaenda kumng'oa nduli Idi Amin. Alipigana kishujaa Mutukula, Masaka na Lukaya, hadi Kampala ilipokombolewa Aprili 1979. Hakurudi nyuma."

Nilipofika pale pa "hakurudi nyuma" sauti yangu ilipanda yenyewe. Mtu mmoja kati ya waombolezaji akasema "Amina."

Sasa nikiulizwa nilikuwa najua nini kuhusu vita vya Babu, jibu langu halijai kiganja. Nilijua mvua. Alituambia walitembea kwa miguu kwenye mvua hadi nguo zikasahau kukauka. Nilijua mabuti ya mpira, kwa sababu alirudi nayo, akayalimia hadi yakapasuka, na Bibi akakata vipande akaziba ndoo. Nilijua matoke, na akina mama wa Uganda waliosimama kando ya barabara wakiwaita "bakombozi". Alikuwa anapenda kulitamka neno hilo, anavuta ile "zi" ya mwisho hadi tunacheka.

Na nilijua kuhusu milango. Alisema walipoingia vijiji vingine huko Uganda na kubisha hodi kwa Kiswahili, watu walijifungia. Kwa miaka minane Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Amin, lugha ya mtu anayekuja usiku kukuchukua. "Lugha niliyofundishwa shuleni kwa nyimbo," alisema, "wao walifundishwa kwa bunduki." Ikabidi wajifunze kusimama mbali na mlango, waseme pole pole, wasubiri.

Hayo tu. Mvua, mabuti, matoke, milango. Lukaya nilikuwa nimeisikia kwa Baba Mdogo, aliyeisikia sijui kwa nani. Babu mwenyewe hakuwahi kutamka jina la mji huo mbele yangu.

Nami nikaenda kulisoma kaburini kama vile nilikuwepo.

## Mzee mwenye bereti

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mzee mmoja amekaa peke yake kwenye benchi la jikoni, fimbo katikati ya magoti, bereti iliyofifia kichwani. Alikuwa ametoka Manyoni kwa basi, akafika wakati ibada ya kaburini imeshaanza. Ni mmoja wa wale wawili waliolala bila kula. Hakulalamika. Nilijua kwa sababu nilimuuliza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyesoma jana?"

"Ndiye mimi."

"Umesoma vizuri. Sauti yako ilifika hadi nyuma tulikosimama." Akanyamaza, akaisogeza fimbo. "Lakini pale uliposema hakurudi nyuma, hapana. Alirudi. Tena mara mbili."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikachutama mbele yake.

Nitayaweka maneno yake kama nilivyoyashika, maana nilikwenda kuyaandika mara tu alipoondoka.

"Sisi tulikuwa wakulima. Mimi nilikuwa nimeshika bunduki miezi minne tu. Tulikuwa tumeingia Lukaya, jioni, ule mwezi wa tatu. Basi yakaanza makombora. Katyusha. Wale Walibya walioletwa kumsaidia Amin walikuwa nayo. Mungu akuepushe na sauti ile. Yalipita juu, mjukuu wangu. Yalitupita juu ya vichwa yakaanguka mbali huko. Hata mmoja wetu hakuguswa na yale ya kwanza. Lakini sauti! Akainuka mmoja akakimbia, akainuka wa pili, halafu hapakuwa na platuni tena. Wakubwa wanapiga kelele, nani anasikia? Mimi niliingia kwenye mafunjo. Kule barabara inapita katikati ya kinamasi, maji huku na maji huku. Yakanifika kifuani. Nikatulia kama gogo. Babu yako naye alikimbia. Nilimwona mgongo."

Akanitazama kuona kama nitakasirika.

"Tangu Mutukula yeye ndiye alikuwa anatuhesabu. Kamanda alimpa kazi hiyo kwa sababu alikuwa hakosei. Tukisimama anahesabu, tukiondoka anahesabu. Kila mtu na namba yake. Mimi nilikuwa kumi na saba. Na kila akimaliza anasema, 'na mimi.' Tulikuwa tunamcheka kwa hilo. Sasa usiku ule, sijui saa ngapi, nipo kwenye maji, miguu sina habari nayo, nikasikia mtu ananong'ona kwenye mafunjo. Anasema, 'Kumi na saba.' Kimya. Anasogea kidogo. 'Kumi na saba.'"

Mzee alisema namba hiyo kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba mpishi aliyekuwa anakatakata vitunguu pembeni aliacha kisu.

"Hakuniita jina. Jina, adui anaweza kulipata kwa mateka akakuita nalo. Namba tulikuwa tunaijua sisi tu. Nikajibu, 'Nipo.' Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Akaniambia, 'Bado wanne.'"

Kulipokucha, alisema, brigedi nyingine ilitokea ubavuni, na wao wakasukuma kutoka mbele, na safari hii waliokimbia ni wa upande wa pili. Hiyo ndiyo sehemu iliyoandikwa vitabuni: Machi 10 watu wetu wakatawanyika, Machi 11 wakaurudisha mji, na baada ya hapo barabara ya Kampala ikawa wazi. Yeye aliipita sehemu hiyo kwa sentensi moja, kama mtu anayeruka mfereji.

Nikamuuliza kilichokuwa kinanichoma.

"Wale wanne, aliwapata?"

Akaniangalia muda mrefu.

"Hesabu hiyo alikuwa nayo yeye."

Saa sita mchana alipanda basi kurudi Manyoni. Shangazi alimfungia kuku mzima kwenye mfuko.

## Nilichotaka kuandika

Wiki ile ile niliandika makala. Ilinijia kwa urahisi mno, na urahisi huo ungenitosha kama onyo. Ilianza hivi: "Vita vilimfundisha babu yangu kuhesabu." Kila kitu kikakaa mahali pake. Mzee aliyekuwa anatuhesabu usiku kumbe alikuwa bado kwenye kinamasi cha Lukaya. "Na mimi" ya kila jioni kumbe ilikuwa ya mtu anayethibitisha kwamba yu hai. Hata Siku ya Mashujaa nikaiingiza. Kila Julai 25 Babu alivaa shati lake jeupe, akakaa mbele ya redio, na miaka ya karibuni mbele ya televisheni, kutazama Rais akiweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi akiweka sime, mabalozi na shada lao la maua. Tarumbeta zikilia, midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nikaandika kwamba alikuwa anahesabu.

Sikujua kama alikuwa anahesabu. Yawezekana alikuwa anasali. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake kwa miaka hiyo yote na sikumuuliza.

Nikaituma kwenye kundi la familia kabla ya kuichapisha. Baada ya dakika kumi Baba Mdogo akapiga simu.

"Mwanangu," akasema, "unataka nchi nzima ijue baba yangu alikimbia?"

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira, ningeweza kumjibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, anayeomba kitu kimoja. "Ametuachia jina. Mali hakuacha, ameacha jina. Usiliguse."

Nikaifuta kwenye kundi. Ikabaki kwenye simu yangu, na mimi nikabaki nayo.

Kwa wiki tatu nilibishana na Baba Mdogo kichwani, nikiwa kazini, nikiwa kwenye daladala, nikipika. Upande mmoja nilijua ana haki. Mzee wa miaka zaidi ya sabini anasimulia usiku mmoja wa 1979. Kumbukumbu nayo huchakaa. Na marehemu hawezi kusema "sivyo". Upande wa pili nilijiuliza tunafanya nini na watu kama Babu. Sote tumelelewa na zile kauli tatu za Mwalimu, kwamba uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nazipenda hadi leo. Nikizisikia nywele zinanisimama. Lakini katika vita tunavyovisimulia hakuna mtu aliyeogopa. Maelfu kwa maelfu ya mgambo walitolewa mashambani, wakafundishwa haraka haraka, wakapandishwa kwenye malori na mabasi ya abiria, wakapelekwa mbele ya makombora, na sisi tunawasimulia kana kwamba walizaliwa na bereti.

Mtu aliyekimbia jioni, akarudi usiku kuwatafuta wenzake: katika masimulizi yetu anakaa wapi?

Kule Kaboya, Muleba, kuna makaburi ya mashujaa wa vita vile, yamepangwa kwa safu. Babu hakuwahi kwenda. Baba Mdogo aliwahi kujitolea kumpeleka, akalipa na nauli, na Babu asubuhi ya safari akasema ng'ombe anaumwa. Katika makala yangu niliandika kwamba aliogopa kukuta namba zake zimelala pale. Hilo nalo nililitunga.

## Kilo tano za sukari

Nilipochoka kubishana nikaanza kuuliza watu wa kijijini, kwa simu, mambo mengine kuhusu Babu, yasiyo ya vita. Nikashangaa. Hakuna aliyeanza na vita.

Walianza na sukari.

Babu alirudi mwishoni mwa 1979, akakuta nchi imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18. Waliokuwepo wanajua mkanda ule ulifungwa miaka mingapi. Sabuni hakuna, khanga hakuna, mafuta ya taa kwa bahati. Na yeye akachaguliwa mjumbe wa nyumba kumi. Bidhaa zikifika kwenye duka la ushirika, mjumbe ndiye anayejua nani ana watoto wangapi, nani ana mgonjwa, nani amefiwa, nani amepokea wageni. Wajumbe wengine, wasemavyo wazee, walipata marafiki wengi katika miaka hiyo.

Mama mmoja, jirani yetu wa zamani, aliniambia hivi: "Sukari ikija kilo tano kwa nyumba kumi, babu yako anaipima kwa kikombe cha kahawa. Anapiga hesabu ya vichwa, siyo ya nyumba. Mwenye watoto wanane hapati sawa na mwenye wawili. Watu walimchukia, mwanangu, usidhani walimpenda. Wenye watoto wachache walimchukia. Halafu akishamaliza kugawa anasema, 'Na mimi,' anakung'uta mfuko. Siku nyingine kunatoka kijiko, siku nyingine hakuna kitu. Bibi yako aliwahi kunywa uji wa chumvi mwezi mzima."

Kwa hiyo ile "na mimi" haikuwa pumzi ya mtu anayejihakikishia uhai. Ilikuwa foleni, na yeye yuko mwisho.

Au yote mawili. Lakini makala yangu ilikuwa na nafasi ya moja.

Mwingine akanisimulia kuhusu mwaka ambao kisima kilititia wakati vijana wanachimba. Watu wakaruka huku na huku, vumbi, kelele, akina mama wanalia. Babu alisimama ukingoni akawaambia wote wakae chini. Wakae chini! Watu walitaka kumpiga. Wakakaa. Akawahesabu. Akasema, "Hakuna aliyebaki ndani." Wakati huo tayari vijana wawili walikuwa wamefunga kamba kiunoni tayari kushuka kwenye shimo linaloendelea kubomoka, kumtafuta mtu ambaye alikuwa amekwenda kununua sigara.

Hadithi hii nimeishi miaka thelathini na minne bila kuisikia.

## Ungo wa Bibi

Siku mbili kabla ya arobaini nilikwenda Singida mapema. Nilikuta Bibi anapepeta mtama uani, ungo unapanda na kushuka, makapi yanakwenda na upepo.

"Karibu mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nazaliwa, kwa kuwa Babu aliniita mchumba wake. Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile, na ndipo tukagundua sote wawili kwamba mume tuliyekuwa tunamgombania hayupo. Tukakaa kimya kidogo.

Nikamweleza yote. Mzee wa Manyoni, kinamasi, namba, kukimbia, simu ya Baba Mdogo. Nilidhani namletea habari.

"Kumi na saba," akasema. "Yule mwembamba. Alikuja?"

"Unamjua?"

"Nawajua wote. Mnasema hakusimulia. Alisimulia. Ila hamkuwa nyinyi aliowasimulia."

Akasukuma ungo kando.

"Usiku wa kwanza aliporudi aliniambia, nilikimbia. Hata maji ya kuoga hajamaliza kujimwagia, ananiambia kupitia ukuta wa matete. Nilikimbia hadi nikajikuta peke yangu, nikaona upweke unanitisha kuliko mabomu. Ndivyo alivyosema."

Nikamwambia sasa naelewa kwa nini alikuwa anatuhesabu kila jioni. Bibi akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu mguu usio wake.

"Vita?" akasema. "Alikuwa anahesabu tangu namfahamu. Alikuja kuniposa anahesabu. Yule alikuwa mchunga mbuzi."

Kisha akanieleza jambo ambalo limeivunja makala yangu ya kwanza hadi msingi.

Babu alipokuwa mtoto, labda wa miaka tisa, fisi aliingia katika mbuzi zake jioni, huko kwenye mawe makubwa. Mbuzi wakatawanyika. Yeye akawakimbilia, huku na huku, analia, anapiga kelele. Kadiri alivyowakimbilia ndivyo walivyozidi kukimbia. Alirudi nyumbani na nusu ya kundi. Baba yake hakumpiga. Alimchukua usiku ule ule, wakarudi wote wawili kule maweni na kijinga cha moto, akamwambia: mbuzi aliyeshtuka, ukimkimbilia anakuona na wewe fisi. Kwanza simama. Wahesabu walio karibu nawe, ujue ni nani hasa amepungua. Halafu waite hao waliopungua tu, pole pole, kwa mlio waliozoea. Wakaita hadi usiku wa manane. Wengi walirudi.

"Aliniambia kule kwenye maji alikuwa anamsikia baba yake," Bibi akasema.

Nilikuwa nimetafuta vita ndani ya Babu kila mahali: kwenye kiti chake, kwenye shati lake jeupe, kwenye midomo yake mbele ya televisheni. Nilitaka miezi ile ya bunduki ieleze miaka sabini. Kumbe ni mtoto mchunga mbuzi aliyekwenda vitani, na alichokuwa nacho mfukoni usiku wa Lukaya ni kitu alichopewa na baba yake kwenye mawe ya Singida kabla hata ya Uhuru kukauka wino.

"Bibi, niandike kwamba alikimbia?"

"Sasa usipoandika alikimbia, utaandikaje kwamba alirudi?"

Akauvuta ungo wake. Nikamuuliza la mwisho, kuhusu wale wanne. Hakuinua uso. Alinyoosha vidole viwili, kisha akaendelea kupepeta.

Nilinyanyuka nisimsumbue. Nilifika katikati ya ua ndipo nikajiuliza: wawili aliowapata, au wawili aliowaita hadi kukacha? Nikageuka ili nirudi kumuuliza. Nikaona kwamba katika wanne, hesabu ni ile ile.

## Arobaini

Baba Mdogo alifika usiku na gunia la mchele. Bibi alimwita chumbani. Walikaa humo muda wa kutosha chai kupoa. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akaja kukaa kwenye mkeka karibu nami, akavua viatu, akavipanga.

"Andika," akasema. "Lakini weka na mbuzi."

Nimeweka.

Siku ya arobaini hatukukodi turubai. Watu walikuwa wachache kuliko wa mazishini: familia, majirani wa karibu, mchungaji na mkewe. Mzee wa Manyoni hakuja, magoti yalimzuia. Alipiga simu asubuhi akataka aongee na Bibi tu, na simu ikafungwa bila sisi kujua walichoongea. Ibada ikaisha. Jua likaenda nyuma ya mawe, upepo ukatulia kidogo kama unavyotulia kwetu saa hiyo, na harufu ya nazi na karanga ikatoka jikoni.

Kiti cha Babu kilikuwa pale pale chini ya mwarobaini. Hakuna aliyekikalia na hakuna aliyekiondoa.

Shangazi akafunua sufuria.

"Tuko wangapi?"

Safari hii ukimya haukukaa. Nilikuwa tayari nimeanza, bila kidole, kwa macho tu, kama alivyokuwa anafanya yeye. Akina mama kwenye mkeka, saba. Wazee kwenye benchi, watano. Baba Mdogo na wanawe. Mchungaji na mkewe. Mtoto wa jirani aliyelala mgongoni kwa dada yake, huyo naye ataamka na njaa. Kijana aliyekwenda kuteka maji. Bibi mlangoni. Shangazi mwenyewe, ambaye watu humsahau kwa kuwa ndiye anayepakua. Nikarudia mara ya pili, ikatoka sawa.

"Ishirini na sita," nikasema.

Shangazi hakuchota. Upawa ulikuwa hewani, amegeuza uso upande wangu, anasubiri.

"Na mimi."

Akachota.